Kilichomuua Beda

Dada Skola,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na baridi ya miezi hii iwe imeyahurumia magoti ya mama. Maharage mmeshavuna? Mimi huku Ujerumani nipo, kazi ni ile ile ya kuwahudumia wazee. Nakula. Usingizi ndio umepungua.

Naandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza. Uliponiambia Beda amezikwa Kasense, ulisema, "Pole mdogo wangu, najua alikuwa mshikaji wako." Nikasema asante, nikarudi kumlisha uji mzee mmoja. Nikampelekea kijiko kitupu mara mbili, mpaka yeye ndiye akanishika mkono.

Dada, Beda hakuwa mshikaji tu. Tangu alipokuwa utingo wa malori ya Kasesya, mpakani na Zambia, na mimi nauza duka pale Izia, Sumbawanga, tulipendana kama wewe na shemeji, ila sisi tulijificha. Sijui utalipokeaje neno hili. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Mwaka jana nilitokwa na vipele viganjani na kwenye nyayo. Nikaenda kliniki. Kijerumani changu ni cha kubembeleza wazee, basi daktari akampigia simu mkalimani wa Kiswahili. Yule mama alipofungua mdomo tu nikamtambua: ndiye anayetuongozea nyimbo kwenye misa ya Kiswahili. "Daktari anauliza kama unalala na wanawake, au na wanaume," akasema, na sauti ikamshuka kwenye neno la mwisho. Nikajibu kwamba sabuni ya kazini inanidhuru. Nikapewa mafuta ya kupaka.

Vipele viliisha vyenyewe, homa zikaja. Niliporudi nilimwambia nesi, "Simu hapana." Kisha nikajikongoja na maneno niliyonayo: "Mimi mwanaume. Ninayempenda, mwanaume." Nesi alikuwa anafunga ule mpira mkononi kwangu atoe damu, na hakusita hata kidogo. Aliuliza tu, "Na yeye ameshapima?"

Wakakuta kaswende, na virusi vya ukimwi. Kaswende walinichoma sindano, ikaisha. Virusi nameza vidonge kila siku, na sasa hata wakinipima damu havionekani. Nitaishi, dada. Usinililie mimi.

Siku nilipopata majibu nilimpigia Beda. Alikuwa ameshaanza kukonda.

"Nenda kapime," nikamwambia.

"Nikikutwa nao wataniambia nimlete mwenzangu. Nitamleta nani, Gaspa?"

"Wadanganye."

"Wewe ulidanganya ukapewa mafuta," akasema, akacheka. "Nesi wa zahanati ya pale ni ndugu yake mama. Kabla sijafika nyumbani, habari itakuwa imeshafika."

Nikamwambia basi avuke na lori akapime Zambia, ambako hakuna anayemjua. Akaniahidi: safari ijayo. Nilimuuliza kila tulipoongea, naye kila mara ilikuwa safari ijayo. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, akawa hawezi tena kupanda lori.

Ningeyameza haya yote kama si ulichoniambia juzi, kwamba watu wanamnyooshea kidole shangazi yake, yule bibi aliyemlea, eti kamroga kwa ajili ya shamba, na vijana wameshaanza kurusha mawe kwenye bati lake.

Beda hakurogwa. Aliugua nilichougua mimi. Mimi niliulizwa vizuri, nikajibu, nikapata dawa. Yeye aliogopa swali lenyewe. Nani alimwambukiza mwenzake sijui, wala sitaki kujua.

Nenda kwa mama yake Beda, dada. Wewe ni mwalimu, atakusikiliza. Mwambie ulikuwa ugonjwa wa hospitali, una dawa, na bibi hana kosa. Yakitosha hayo, ishia hapo. Lakini mawe yakiendelea, mwambie yote, jina langu na lake. Beda aliogopa kusemwa, lakini alimpenda yule bibi kuliko alivyoogopa. Najua siku hiyo ikifika, mimi kurudi Sumbawanga ndiyo basi. Nimeshalilia hilo.

Msalimie shemeji, na wanao wote, na mjomba wa Kasense. Mama msalimie sana, ila haya usimwambie bado. Nataka nimsikie akiniita mwanangu mara chache zaidi.

Nawe ukishindwa kuniita mdogo wako, nitaumia lakini sitakulaumu. Nina ombi moja tu hata hivyo. Ulisema msibani ulikaa jikoni na akina mama, mkapika, mkalia. Mimi sikukaa popote, wala hakuna aliyenipa mkono wa pole kama mfiwa. Ukipita Kasense, fika kwenye kaburi lake ukae kidogo. Huna haja ya kusema kitu. Kaa tu, apate mtu wa kwangu karibu naye.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Gaspa