Mutego wa Mofwe

Kazi moya, Jumatatu 7/7
Vumbi, vitrini za vioo, vumbi. Foto ya muzungu na mashua yake imetoka ukuta wa mbele, iko pembeni sasa. Mukubwa wa makumbusho anataka bavuvi bajisimulie wenyewe. Bageni ba boma, bakubwa ba serikali, banakuja siku ya kazi tano, Ijumaa. Mambo mingi bado.

Kazi mbili, 8/7
Mama Chola alikuja. Anauza samaki wakavu sokoni Kashikishi. Baba yake alikuwa muvuvi wa ziwa la Mofwe. Anajua nilizaliwa ngambo ya mpaka, tukaongea Kiswahili cha soko. Nilimuonyesha mutego wa matete. Akasema tumeutundika kinyume: mudomo wenye kuingiza samaki unaangalia ukuta. Miaka nane ninapita pale. Haya ilinishika, nikaugeuza.

Akataka nimusomee etikete, karatasi ya maelezo chini yake. Imeandikwa: mutengenezaji hajulikani.

"Alijulikana," akasema. "Ninyi njo hamukuuliza."

Akanionyesha fundo la mudomo. Baba yake alifunga vile vile. Ni la Mofwe. Akasema kama ile neno "hajulikani" inabaki, yeye hatakuja kusimulia siku ya kazi tano.

Kazi tatu, 9/7
Mukubwa amekataa kubadilisha. Etikete zimekwisha kuchapwa, hawezi kuzirudia kwa ajili ya mutu mumoja. Nilimwambia: tumeandika mulangoni kwamba bavuvi banasimulia, na wa kwanza kusimulia tunamufunga mudomo. Akatoka. Nina hasira mpaka sasa.

Kazi ine, 10/7
Mukubwa alienda Kashikishi mwenyewe. Hakuniambia. Alirudi ananuka moshi wa samaki, akaketi kwa meza yangu, akaomba kalamu. Tuliandika upya, Kibemba juu, Kiingereza chini. Sasa inasema: mutego umesukwa Mofwe. Fundo ni la bavuvi ba kule. Jina la fundi hatukuliuliza mapema.

Sentensi ya mwisho ni ya mukubwa. Nimemuheshimu.

Kazi tano, 11/7
Chumba kilijaa. Mama Chola, chitenge kipya, alisimama karibu na mutego na kueleza namna samaki anaingia na kwa nini hatoki. Mukubwa mumoja wa boma aliniuliza mimi swali. Nilimuelekeza kwa mama. Akamuuliza kwa heshima, akajibiwa.

Sijapata kujivunia kazi yangu hivi. Naandika bila haya.

Yenga, Jumapili 13/7
Baada ya ibada nilipita kufungua madirisha. Bamama batatu ba Kashikishi bakaingia nyuma yangu. Bakasoma etikete polepole, bakaanza kubishana kuhusu kusuka mutego, mumoja akionyesha kwa vidole.

Hawakuniuliza kitu. Niliwaletea viti.