Picha ya Ramani ya Gáldojávri

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Áslat Bieski. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi na mchungaji wa kulungu wa theluji. Makazi: Finnmark, Norwe. Aliyefuatana naye: mjomba wake, Heaika.

Nimekuja kwa hiari kueleza kuhusu mpima ardhi Torunn Hegglid, anayeshikiliwa kwa kutoa siri za ramani ya jeshi.

Mnamo tarehe 15 Aprili 2023, saa nne asubuhi, alifika kwenye hema letu ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi, ambako kulungu wetu hupita kila mwaka. Wapimaji waliotangulia waliuliza tuna kulungu wangapi, na kwetu hiyo ni sawa na kumpekua mtu mfukoni. Yeye aliuliza wanapita wapi.

Alitandaza ramani ya jeshi, akafunika alama za siri za ghala na madaraja kwa glavu zake. "Hapa hamuoni kitu," alisema.

Mjomba akamjibu, "Binti, hilo ghala nalizunguka tangu hujazaliwa."

Wakacheka. Kisha mjomba akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, njia ya magari mazito juu ya barafu ya Ziwa Namba Saba. Sisi tunaliita Gáldojávri, ziwa la chemchemi. "Pitisha kifaru hapo, ukakivue kwa nyavu."

Hakubisha. Alichukua keekee ya kutobolea barafu, tukaenda wote. Pembeni barafu ilikuwa sentimita themanini. Katikati, kumi na moja. Alilala kifudifudi akapima tena, mara sita. Sijawahi kuona mtu mwenye vyombo vya bei ghali vile akimsikiliza mjomba wangu namna ile.

Tuliporudi alifuta mstari, akaandika Gáldojávri kwa herufi zetu zote. Saa saba alivaa glavu, akaacha ramani wazi, akatoka na mjomba kufunga mizigo.

Nimesoma kwa Kisami, lugha yetu, na Kinorwe, lakini sikuwahi kuona jina letu kwenye ramani ya jeshi. Nililipiga picha jina lile, nikawatumia wanafunzi wenzangu. Ghala na madaraja pia yalionekana pichani, sikuangalia. Mpima hakujua lolote.

Picha ilisambaa, naye akakamatwa Ijumaa. Nilinyamaza siku tatu, maana naona aibu hata kuagiza mkate dukani. Leo mjomba aliniambia mlangoni, "Sema yote, usimung'unye."

Niliyoyasema ndiyo yaliyotokea, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: Á. Bieski

Maoni ya ofisa: Nimemsomea, amekubali. Simu nimeichukua. Nimemweleza kwamba mpima ardhi nitamwombea aachiwe leo, na kwamba yeye mwenyewe, kijana, sasa anahojiwa kama mtuhumiwa. Amejibu: "Najua. Nimekuja na soksi za kubadilisha."