Nakala Ambazo Sikuzijaribu

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa limekuwa la rangi ya majivu, na kitabu nilichoazima kiko wazi kwenye ukurasa uleule tangu jana.

Nilisema uongo.

Papa Muteba ni mwalimu wetu wa informatiki, somo la kompyuta. Pointi za mitihani za wanafunzi wa zamani zilikaa katika seva ya shule, ndani ya mojawapo ya zile kompyuta zisizo na mwili, ambazo kadhaa huishi ndani ya mashine moja. Mwezi uliopita tulihamia seva mpya yenye programu nyingine. Pointi za miaka ya nyuma zikabaki kwenye diski ya nakala za akiba, zilizotengenezwa na programu ya zamani. Paneli za jua za kwetu hazibebi seva mbili, kwa hiyo Papa aliniagiza: jaribu kwanza kufungua nakala moja kwenye seva mpya, ndipo ufute seva ya zamani, mashine yake tuwape watoto wa primeri, shule ya msingi.

Sikujaribu. Niliangalia tu kama mafaili yote yamo. Watoto walikuwa wamejaa mlangoni wakiimba jina langu, mimi ambaye hata klasini sauti yangu haisikiki. Nilitaka kuwapa mashine yao palepale.

"Papa, nimejaribu. Zinafunguka."

"Bibliothèque yangu!" akacheka. Maktaba yake: ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya vitabu ninavyosoma.

Juzi Mama Feza alifika kutoka Nyunzu. Mwanawe alisoma kwetu. Sasa anataka kuingia chuo kikuu Lubumbashi, na buletini zake, zile ripoti za pointi, zilipotea walipokimbia vita. Papa akajaribu kufungua nakala. Seva mpya ikazikataa zote. Kwa kuwa nilishasema zilifunguka, aliamini diski imeharibika baadaye.

"Njo kusema mutoto wangu arudilie masomo?" Mama Feza akauliza.

"Mama, unisamehe," Papa akamwambia. "Ni mimi njo sikuchunga muzuri."

Nilikuwa palepale, nafuta vumbi kwenye vitufe vya klavye isiyo na vumbi.

Diski ni nzima, karibu nina hakika. Programu mpya haijui kusoma nakala za ile ya zamani, basi. Tukiiweka tena programu ya zamani kwenye mashine yoyote, hata ile ya primeri, huenda pointi za kijana yule zikaonekana. Lakini Papa hajui. Jumatatu ataifuta diski yote, aone kama itapona.

Siogopi adhabu. Naogopa aniite kwa jina langu la kawaida.

Nimeandika ujumbe kwenye simu, nikaufuta, nikauandika tena. Hapana. Yeye aliomba msamaha mbele ya mtu, amesimama.

Anakaa karibu na gare, stesheni ya treni. Nimechukua mwavuli wa mama yangu. Baada ya hodi sijui nitapanga vipi maneno, ila ya kwanza ninayo: Papa, usifute diski.