Ruta ya Mchumba Wangu Imezozana na ya Baba

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada huku nacheka na kulia, maana Jumamosi wazazi wa mchumba wangu Ildefons wanakuja kwetu Kagoma kujitambulisha, na yeye aliye masomoni Uturuki ataongea na baba kwa video kwenye simu ya baba, picha tuirushe kwenye televisheni shangazi zangu wote wamwone alivyo mzuri, jamani, gauni nalijaribu kila asubuhi, sasa ruta ya baba iko chumbani kwake na wifi yake haifiki vizuri sebuleni, Ildefons akatununulia nyingine tukaichomeka kwenye ile ya baba, televisheni ikaikamata, lakini simu ya baba iko kwenye wifi yake mwenyewe na haiioni televisheni, nikamwambia kwa heshima zetu za Kihaya, "Waitu Tata, hamia kwenye hii mpya," akasema, "Nile mtandao wa mkwe kabla hajaleta mahari?" ndipo kaka yangu Kagaruki akaiweka ruta ya baba kwenye hali ya daraja, wifi yenye jina la baba ikapotea, baba akatoka akipiga kelele kuwa amepinduliwa nyumbani kwake, sasa anataka shughuli iahirishwe mpaka Ildefons arudi mwenyewe. Mwakani! Nitasubirije?

Joanitha, Muleba

Joanitha mwanangu,

Hongera, na pole. Acha kurukaruka kidogo unisikilize. Kagaruki hakukosea kiufundi: ruta ikiwa daraja inapitisha mtandao tu, kazi nyingine inafanywa na ile mpya. Ila mlimvua mzee madaraka bila hata kubisha hodi! Aibu.

Mna ruta mbili, kila moja inagawa anwani kwa vifaa vyake, ndiyo maana simu na televisheni hazijuani. Irudisheni ya baba ilivyokuwa. Ya mchumba ndiyo iondolewe hali ya ruta, iwekwe hali ya AP: isigawe anwani, isambaze wifi tu. Ipeni jina la wifi ya baba na nywila ile ile, kisha unganisheni televisheni upya. Halafu mwambie baba ukweli, tena kwa magoti: "Tata, ya mkwe sasa inaitumikia yako." Na mjaribu Ijumaa, si wageni wakiwa wameshika matoke mkononi!

Haya nilimwambia Joanitha kwa simu, maana gazeti lingechelewa. Jumapili akanipigia. Ildefons alipotokea kwenye televisheni, shangazi walipiga vigelegele hata hakusikika. Baba akawanyamazisha, akauliza swali moja.

"Utarudi?"

"Nitarudi, Tata."

"Basi wazee wako wapange siku ya mahari."

Hapo Joanitha alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Ma Kokuberwa, Bukoba