Ulimbo Kwenye Ringi

Nairobi, 3 Machi 1956

Shikamoo Mjomba,
Hamjambo nyumbani? Mguu wa mama umepona? Mimi mzima, ila mapaja yanawaka moto.

Tajiri mwenye duka la baiskeli atamwajiri mmoja tu wa kumwendeshea baiskeli mashindanoni mwaka mzima: mimi au Kombe, yule wa Kulesa, mtoto wa Mama Kadii. Jumapili tarehe 22 Aprili tutateremka kutoka Limuru mpaka bondeni, kisha tupande tena. Atakayetangulia ndiye.

Magurudumu tumeachiwa tuchague wenyewe. Ya chuma ni mazito, mlimani yanakuvuta nyuma. Ya alumini ni mepesi, lakini mpira wake unabandikwa kwenye ringi kwa gundi, na gundi ya dukani imekwisha. Nikakumbuka ulimbo wako wa kuzibia mitumbwi. Nitumie kopo, chonde chonde.

Mpwa wako,
Jillo

Ngao, 20 Machi 1956

Mpwa wangu,
Bwana asifiwe. Mama yako anatembea, anakusalimu sana.

Ulimbo nimempa Guyo, anayekuja huko Nairobi, akuletee, kopo zima. Wewe uliniona natengeneza mtumbwi wa mzee Jarso. Umekaa majini miaka saba, haujavuja hata tone! Mgawie na Kombe. Mama yake ni mtu wetu.

Mjomba wako,
Buya

Ngao, 5 Aprili 1956

Jillo,
Salamu baadaye.

Jana niliegesha mtumbwi karibu na moto wa kukaushia samaki. Kiraka cha ulimbo kikalainika, kikateleza chote chini. Naye Guyo amerudi, ananiambia mkibana breki mteremkoni ringi inapata moto mpaka inachoma mkono. Mbona hukunieleza? Na mimi mbona sikuuliza? Miaka yote ulimbo huo nimeujua kwenye maji tu.

Funga magurudumu ya chuma. Mwambie na Kombe, siku hiyohiyo. Mto unapanda, sijui kivuko cha Garsen kitavusha barua hii lini. Silali.

Mjomba wako,
Buya

Nairobi, 24 Aprili 1956

Shikamoo Mjomba,
Mimi mzima.

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi. Nikafunga ya chuma. Kombe, aliyebandika mipira yake ya alumini kwa ulimbo niliomgawia, akanicheka: "Leo umeuogopa mteremko, Mpokomo mwenzangu?" Nilifungua mdomo, Mjomba, wallahi nilifungua. Nikajiambia nitamwambia kesho kabla hatujaanza. Kesho yake nikaona magurudumu yake yalivyo mepesi, na mimi nimekalia chuma. Nikanyamaza.

Kona ya tatu ya mteremko, mpira wake wa mbele ulichomoka. Chini ya kona ile ni mawe matupu.

Watu wanasema ni mwendo wa kasi. Nafasi nimepewa mimi. Nakuomba, usimwambie mtu.

Mpwa wako,
Jillo

Ngao, 19 Mei 1956

Jillo,
Hapa tu wazima. Hali yako sikuulizi.

Mama Kadii amekuja wiki iliyopita, maji yamejaa vile, akafikia kwangu. Nimemwambia ulimbo ni wangu, kosa ni langu. Alilia mpaka nikatoka nje, nimeshindwa. Baadaye akanishika mkono, akanisamehe.

Barua yangu ya pili, ile ya kukuonya, hana habari nayo. Anajua tu ulikuwa nyuma ya mwanawe na uliona kwa macho yako. Anataka umweleze Kombe alikufaje, na kama alisema neno. Kila siku anakuwekea chakula chako kando. Kulesa harudi mpaka ufike.

Mimi sitakusemea; utasema mwenyewe. Njoo.

Mjomba wako,
Buya