Riwaya Niliyomsomea Baba Neema

Jumatatu, 3 Juni

Nimemgeuza, nimemwosha, nimembadilisha pampasi. Uji nusu kikombe, uliobaki umeishia shingoni. Mashuka hayakauki. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita, Moshono yote ni ukungu na manyunyu.

Mtaalamu wa mazoezi kasema niongee naye sana, huenda maneno yakarudi. Niongee nini? Hata kabla ya kiharusi mimi na mume wangu tulikuwa watu wa "umeamkaje" na "chakula tayari". Basi nimechukua riwaya ya mapenzi aliyoiacha binti yetu Neema alipoolewa. Nimemsomea kurasa chache. Sauti ni sauti.

Jumanne, 4 Juni

Riwaya ya kipuuzi. Mjane anauza maandazi, fundi pikipiki anampenda. Fundi anaosha vyombo bila kuambiwa! Nimesema kwa sauti, "Mwongo." Baba Neema hajawahi kusuuza hata kikombe tangu tuoane. Alikuwa ameangalia ukutani. Sijui anasikia nini.

Jioni Wifi Anande, dada yake, kapiga simu kutoka kwao Poli. Wanataka kumchukua Jumamosi, akauguziwe nyumbani kwao. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Nimefurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Juni

Mgongo unaniua.

Leo fundi na mjane walikuwa wanasameheana mno, nikaruka kurasa. Baba Neema akaanza kupiga kitanda kwa mkono wake mzima. Nikadhani ana haja. Hana. Nimesogeza mto, nimempa maji, bado anapiga. Nikarudi pale nilipoacha. Akatulia.

Kumbe anafuatilia. Nimeona aibu. Wageni wakija huwa namzungumzia kama vile hayupo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepanga nguo zake kwenye begi. Hakuliangalia. Mjane kakasirika, kafunga kibanda, kahama mji. Tumeishia hapo, koo limekauka. Sina huzuni. Nina usingizi.

Jumamosi, 8 Juni

Wifi kafika na gari la kukodi. Tukamwinua, miguu ikagusa sakafu. Akang'ang'ania ukingo wa kitanda. Halafu akasema, "Bado."

Neno la kwanza tangu aanguke. Wifi akaangua kilio. "Kaka yangu hataki kukuacha, wifi!"

Mimi nikaangalia kitabu pale kwenye stuli. Nadhani ni hicho asichotaka kukiacha. Sikumwambia.

"Sasa nifanyeje?" akauliza.

"Lala hapa leo. Nisaidie."

Dereva karudi peke yake. Nimekwenda jikoni nikalia. Si kwa furaha. Nililia usingizi niliokuwa nimeshaupangia.

Jumapili, 9 Juni

Wifi kalala naye chumbani, mimi sebuleni. Nimelala mpaka kengele ya kanisa. Nilikuwa nimesahau mwili uliolala unavyokuwa.

Mchana tumemaliza riwaya, wote watatu. Mjane karudi na mizigo yake, fundi kaipokea, hakuna aliyesema maneno makubwa. Wifi kafuta macho kwa khanga. Tumekubaliana kaka yake abaki hapa, yeye atakuwa anashuka kila mwisho wa juma. Haitoshi, lakini ni kitu.

Alipotoka kununua maziwa nimekaa kitandani kwa Baba Neema. Nimemwambia nimechoka. Sijawahi kumwambia, si katika ugonjwa huu wala kwa lolote kabla yake. Kalitafuta neno muda mrefu, mdomo umekwenda upande.

"Pole."

Nikasema asante. Wifi aliporudi alitukuta vilevile.