Jina Ndani ya Wimbo

Jumatatu, tarehe 12 Oktoba
Mazoezi yamechelewa tena. Héritier amekuja na gitaa lisilo na uzi mmoja, eti zilizobaki zinatosha. Tumepiga wimbo wa Baraka mpaka koo limekauka. Bado pale katikati panatushinda. Ngoma na gitaa vinanyamaza, ninaita "Baraka!", kisha vyote vinarudi kwa pamoja. Tangu homa ya matumbo imchukue hatujawahi kurudi sawa. Yeye ndiye alikuwa mpiga ngoma wetu, yeye ndiye alikuwa anatuingiza. Sasa anapiga Josué, na Josué anaogopa ile nafasi utadhani ina mbwa.

Papa Anselme, mwalimu wetu wa muziki, ametangaza kwamba keshokutwa anafika mgeni kutoka Kampala. Mtayarishaji wa muziki, mtoto wa huku aliyefanikiwa. Atatufundisha kazi zote zilizomo katika muziki. Wenzangu wameshaanza kupiga pasi.

Jumatano, tarehe 14 Oktoba
Hakufika. Forodha ya Bunagana imezuia vyombo vyake. Tumekaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, tumependeza bure. Mimi na njaa hatupatani. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Alhamisi, tarehe 15 Oktoba
Amefika. Monsieur Odilon. Miwani, na viatu vyeupe. Vyeupe, kwa vumbi hili letu!

Nilikuja tayari kumchukia, nikashindwa. Kazi anaijua. Sisi tulidhani muziki ni mwimbaji na mpiga gitaa, basi. Ametueleza kuhusu anayechanganya sauti, anayetafuta matamasha, anayelinda haki za wasanii. Kisha akasema mwandishi wa maneno ndiye mwenye wimbo, na bila sahihi yake wimbo hautoki studio. Nimeshtuka. Maneno ya wimbo wa Baraka niliyaandika mimi, jikoni kwa mama yake, yeye akitwanga majani ya sombe na kunikosoa. Hapana, mwanangu hakuwa mpole hivyo, futa. Nikafuta. Kumbe kazi ile ina jina, na mimi nimo. Nimefurahi kijinga siku nzima.

Ijumaa, tarehe 16 Oktoba
Tumempigia wimbo. Amefunga macho. Alipofungua akasema ndio huu, atatupeleka Kampala kuurekodi, sisi wote watano. Héritier amelia mbele za watu. Simcheki. Baba yake amemwambia gitaa mwisho wake mwaka huu, baada ya hapo ni lori la makala, makaa ya kupikia, njia ya Rutshuru.

Kisha Monsieur Odilon akauliza Baraka ni nani. Tukamweleza. Akatikisa kichwa kwa huruma, nami nikampenda kabisa. Halafu akasema:

— Pole sana. Lakini ile fasi njo ya bei kuliko zote mu wimbo. Mufu atatupa nini?

Anataka pale tuite jina la tajiri mmoja wa saruji hapa mjini. Tajiri atagharamia safari na studio. Libanga, basi, jina la kulipiwa. Sote tunayajua mabanga. Nimekua nikisikia majina ya matajiri yakitupwa ndani ya nyimbo za mapenzi, na nimeyacheza kwa kiuno changu mwenyewe. Sijifanyi mtakatifu. Lakini pale? Kwenye jina la marehemu tumwage saruji? Pole sana, lakini! Mtu akishasema pole na anyamaze. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi, tarehe 17 Oktoba
Wanne wote wamekubali. Hata Josué, anayepiga kwa vijiti vya Baraka.

Papa Anselme anasema tumwite Baraka mwishoni, wimbo ukizimika. Mwishoni! Wakati watu wameshatoka nje kununua bia. Na ni yeye aliyelibeba lile jeneza begani. Nimemwambia sikutegemea hayo kutoka kwake. Amekasirika, nimekasirika, tumeachana hivyo.

Héritier amenifuata hadi barabarani. Laiti angenitukana. Ameniomba tu, kama mdogo anavyomwomba dada yake.

— Yaya Neema, miye sina fasi ingine.

Nimemwambia niache nifikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshafikiri.

Kwa Mama Baraka sijaenda. Nitaanzia wapi?

Jumatatu, tarehe 19 Oktoba
Karatasi zilikuwa mezani. Gitaa ametia sahihi, ngoma ametia sahihi, wote. Kalamu ikafika kwangu. Nikaisukuma. Nikasema maneno ni yangu, na pale pana jina tayari. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi, aibu tupu, lakini ilitoka.

Monsieur Odilon hakugomba. Alikunja karatasi polepole.

— Mademoiselle, ile cours ya Alhamisi umeisikia muzuri kupita wote.

Akacheka, tena bila ubaya, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Alhamisi anatufundisha haki ya mwandishi, Ijumaa anamuuza marehemu, Jumatatu anacheka! Kesho anarudi zake. Josué amenipita mlangoni bila hata kunitazama.

Jumapili, tarehe 25 Oktoba
Héritier amekuja kuchukua ampli yake ya gitaa. Ameshaanza kazi kwenye lori. Kucha zake zimejaa weusi wa makala. Nimempa chai, akainywa amesimama. Hatukugombana. Alipomaliza akasema, akiangalia ukuta:

— Baraka mwenyewe angekuwa wa kwanza kukubali.

Ni kweli. Namjua Baraka. Angeliuza jina lake asubuhi na mapema, akatununulia sisi wote mishikaki, na mama yake angemkimbiza na mwiko. Nilimsaidia kufunga ampli kwenye pikipiki, nikashika upande mmoja wa mpira, yeye akavuta mwingine.

Nimeosha kikombe chake. Angekubali, ndiyo. Lakini hakuna aliyemuuliza, na sasa hawezi kuulizwa tena. Wimbo ninao. Wa kuupiga nami sina.